Pauni ya farasi ya bibi yetu: sonara anasema B.P. ni British Pound, wajuzi njooni

Binti_Msasani #1
Wakuu habari za usiku, naomba msaada kabla sijafanya ujinga. Bibi mzaa mama alifariki mwaka juzi, kwenye kasha lake tumekuta pauni moja ya dhahabu imefungwa kwenye pindo la kanga kuukuu. Mwenyewe alikuwa anaiita pauni ya farasi, alikuwa anaivaa kwenye kidani siku za harusi tu. Upande mmoja kuna mzungu wa ndevu, kichwa kitupu, na kwenye mkato wa shingo kuna herufi ndogooo B.M. Upande wa pili jamaa kapanda farasi yuko uchi, kavaa helmeti na joho linapepea mgongoni, chini joka linakanyagwa. Chini kabisa mwaka 1918 na pembeni kulia B.P., hiyo bila tochi huioni.

Jana nimeipeleka kwa sonara mmoja mjini, kaitupa kwenye mizani ikasoma gramu 8.31, akasema hii ni ya kuchongesha Uarabuni maana imezidi uzito, halafu eti B.P. maana yake British Pound na pauni orijino haiandikwi British Pound, kwa hiyo atanipa bei ya kuyeyusha tu. Nikaona anavyoishika tu kama hataki kuirudisha nikaichukua nikaondoka. Sasa maswali, je ni ya kweli, hizo herufi ni nini, na kuna tone la lehemu limedondokea juu ya ule mwaka, nadhani ni enzi walipokuwa wanatia kitanzi cha mkufu, nilitoe au niliache? Picha nitapandisha mtandao ukikaa sawa.

Kahawa_Chungu #2
Nimevuta kigoda. Uzi wa dhahabu ya bibi haujawahi kuisha vizuri.

Mzee_Gunia #3
Binti pole kwa msiba. Lakini sonara kwenye B.P. hajakosea, hata mimi marehemu baba alinifundisha ni British Pound. Ila hapo aliposema orijino haina herufi ndipo alipoanza biashara yake. Usiuze.

Ughaibuni_Baridi #4
Mzee Gunia shikamoo, samahani nitakupinga kidogo. B.P. siyo British Pound, ni Benedetto Pistrucci, jina la mtu. Ndiye aliyechonga huyo farasi na joka. Mimi huku Uingereza nakusanya kazi zake mwaka wa nane sasa na mke wangu ananichukia kwa ajili ya huyu mtu, kwa hiyo nivumilieni nikirefusha.

Pistrucci alizaliwa Roma 1783, kazi yake ilikuwa kuchonga vito, vile vijiwe vya nakshi vya kuvaa. London alifika 1815. Na kisa chake cha kwanza pale London ni burudani. Kulikuwa na tajiri mmoja anaitwa Richard Payne Knight, mkusanyaji wa vitu vya kale, kanunua kito chenye sura ya mungu wa kike Flora, kauziwa kuwa ni cha enzi za Warumi. Anakileta kwa majivuno nyumbani kwa mwanasayansi Sir Joseph Banks, Pistrucci yupo pale, anakiangalia anasema hiki nimekichonga mimi, nilimuuzia dalali Bonelli kwa bei chee, na alama yangu ya siri hii hapa. Payne Knight akakataa katakata! Mtu yuko mbele yako anakwambia nimetengeneza mimi na wewe unasema hapana. Hicho kito kipo British Museum mpaka leo.

Baadaye akachonga Mtakatifu George, huyo mpanda farasi anayeua joka, kwenye jiwe la yaspi, mkuu wa kiwanda cha sarafu William Wellesley Pole akapenda, akamlipa gini 100, pesa ya Kiingereza ya zamani, na pauni ya kwanza yenye huyo farasi ikatoka 1817. Anayeonekana mtakatifu pale, mwili ule ni wa Mwitaliano mmoja mtumishi wa hoteli ya Brunet pale Leicester Square, Pistrucci alimwita awe anamwangalia anachonga. Kwa hiyo bibi yako miaka yote hiyo alikuwa amevaa weita shingoni.

Kahawa_Chungu #5
Weita shingoni 😂😂😂 uzi tayari umelipa.

Mzee_Gunia #6
Marahaba kijana. Sawa nimekubali, miaka sitini naishi na British Pound yangu moyoni. Na hiyo B.M. je?

Mwana_Bandari #7
Hiyo ni rahisi Mzee, B.M. ni Bombay Mint, kiwanda cha sarafu cha Bombay, India. Yaingia akilini kabisa maanake 1918 kulikuwa na vita, na Bombay ndiyo walipiga pauni mwaka huo. Sisi huku Mombasa pauni nyingi zilikuja na majahazi ya kaskazi kutoka huko, babu yangu alikuwa nahodha na alikuwa akisema Muhindi akikulipa pauni akupa pia na maneno. Kwa hivyo ya dada ni ya Bombay, kesi yaisha.

Ughaibuni_Baridi #8
Mwana Bandari umegusa ukweli kwa mkono usio wake. Bombay kweli walipiga pauni 1918, tena mwaka huo mmoja tu kwa zamani zile. Lakini B.M. ni Bertram Mackennal, Mwaustralia aliyetengeneza sura ya mfalme George wa 5. Herufi hizo ziko kwenye pauni zake zote, iwe ya London au ya Sydney. Hata ile shilingi ya zamani ya Afrika Mashariki yenye simba, mfalme wa upande wa pili ni kazi yake. Pauni ya Bombay inatambulika kwa herufi I moja peke yake, I ya India.

Mwana_Bandari #9
Hiyo I iko wapi sasa?

Ughaibuni_Baridi #10
Katikati, kwenye ardhi anayosimama farasi, juu kidogo tu ya mwaka.

Kahawa_Chungu #11
Juu ya mwaka. Pale pale penye tone la lehemu. Jamani mnaona ninachoona?

Fundi_Mizani #12
Nilikuwa nasoma kimya kimya ila hapo post #11 imenibidi niingie. Nimefanya usonara miaka 22, siku hizi mgongo umegoma. Dada sikiliza vizuri, pauni ya mwaka 1918 ISIYO na herufi ya kiwanda juu ya mwaka haipo. London walipiga za mwaka 1917 wakasimama, zikaja tena za 1925. Za 1918 zote ni za matawi ya kiwanda cha sarafu: I Bombay, S Sydney, M Melbourne, P Perth, C Ottawa kule Kanada. Kwa hiyo chini ya lile tone ama kuna herufi na pauni ni halali, ama hakuna kitu na hapo umeshika dhahabu nzuri ya mtu mjanja. Hayo ndiyo yaliyopo.

Kuhusu uzito sonara wako kakufanya mtoto. Pauni ni gramu 7.98, karati 22, upana milimita 22.05. Ikikaa shingoni miaka mingi inapungua, lakini ukishailehemu inaongezeka! Hizo 0.33 za juu ni lehemu na mabaki ya kitanzi. Fanya hivi nyumbani, tafuta mizani inayosoma mpaka desimali mbili, weka kikombe cha maji juu yake, rudisha isome sifuri, funga pauni kwa uzi wa kushonea uiteremshe ndani ya maji ining'inie isiguse chini wala pembeni. Namba itakayosoma, gawa uzito wa kawaida kwa hiyo namba. Karati 22 yenye shaba inakuja kama 17.6 hivi. Shaba iliyopakwa haifiki hata 10.

Binti_Msasani #13
Asanteni sana, kumbe humu kuna watu. Nitaazima mizani kwa jirani anauza udi kwa tola, yake ni ile ndogo kali.

Maskati_Mie #14
Assalam alaykum. Mie nipo Maskati, watu wetu wa Unguja. Bibie hizi pauni sisi tumelelewa nazo, mama'angu alikuwa nazo kumi na mbili kwenye kidani kimoja, akitembea zinalia kama manyanga. Lakini nkwambieni ukweli, mwaka tulipozipeleka sokoni kuzipima, tano zilikuwa si za serikali ya Kiingereza. Dahabu ile ile, uzito ule ule, ila za Beirut. Mzee wa dukani hakutumia hata maji, alizipitishia kidole tu ukingoni akazitenga. Akasema za Beirut zimeteleza kama sabuni na herufi zimevimba. Na wala hakushusha bei! Alisema dahabu ni dahabu.

Na khalu yangu alikuwa hataki ya malkia kabisa, ati ya mfalme ndiyo nzito. Zote sawa kwenye mizani, lakini nani wa kumbishia.

Mwana_Bandari #15
Subiri, mtu atafoji pauni kwa dhahabu halisi na uzito kamili? Sasa yuwapata faida gani huyo?

Ughaibuni_Baridi #16
Hapo ndipo patamu. Baada ya vita vya pili watu Uarabuni, Ugiriki na Italia walikuwa wanaitaka pauni kuliko kipande cha dhahabu chenye uzito uleule, kwa hiyo pauni ikawa na bei ya juu ya dhahabu yake. Tofauti hiyo ndiyo mshahara wa mfojaji. Alikuwepo mmoja Milan anaitwa José Beraha, alipiga pauni nyingi mno, na wanasema zake zilikuwa na dhahabu safi hata kuzidi kidogo. Alipokamatwa akiwa Uswisi mawakili wake wakasema pauni siyo pesa tena, haitumiki popote kama pesa, kwa hiyo hajafoji pesa ya mtu. Mahakama 1952 ikakubaliana naye, jamaa akatoka. Royal Mint, kiwanda cha sarafu cha Uingereza, wakaona isiwe tabu, 1957 wakaanza tena kupiga pauni kwa wingi ili soko lipate za halali.

Kahawa_Chungu #17
Yaani alishinda kesi kwa kumwambia Mwingereza pesa yako siyo pesa. Huyo wakili angekuwa hai ningemtafuta kwa ajili ya mwenye nyumba wangu.

Fundi_Mizani #18
#14 anasema kweli. Na ndiyo maana maji yatamwambia dada karati tu, hayatamwambia nani kapiga chapa. Za Beirut nilizozishika mimi, ile B.P. huwa kama tope, P inaziba tundu lake. Kwenye halali ni kidogo lakini imekata.

Nyota_ya_Tabora #19
Wakuu nawasalimu kutoka Unyanyembe. Naona mnamshangilia Mtaliano na herufi zake wakati dhahabu ya hapa kwetu hamuitaji. 1916 Wajerumani walipobanwa na Waingereza baharini, pesa ikakauka koloni zima, wakapiga pesa yao hapa Tabora kwenye karakana ya reli. Senti zao zikapigwa kwa maganda ya risasi, na dhahabu ikatoka mgodi wa Sekenke kule Iramba. Sarafu ya rupia 15, upande mmoja tai wa Kaiseri na upande wa pili NDOVU kainua mkonga na milima nyuma yake. Zilitoka elfu kumi na sita na ushee tu, Septemba mwaka huohuo Wabelgiji wakaingia mji. Mchoro unatajwa ni wa mfanyakazi wa reli anaitwa Vogt, lakini aliyechonga chuma chenyewe cha kupigia chapa alikuwa sonara Msinhala, mtu wa Ceylon, Sri Lanka ya leo. Jina lake? Halijaandikwa popote kwenye ile sarafu. T ya Tabora ipo, yeye hayupo.

Halafu Pistrucci katia B.P. kwenye mamilioni.

Mzee_Gunia #20
Hii ya ndovu niliwahi kuiona kwa Mhindi mmoja miaka ya sabini, nilidhani ni medali ya mbio.

Ughaibuni_Baridi #21
Nyota umenikata kauli kwa kweli. Mnada huku ile ya ndovu ikitokea watu wanaruka. Na angalia namba, rupia 15. Zamani zile hesabu ya serikali ilikuwa rupia 15 kwa pauni 1, na kwa Mjerumani rupia 15 kwa maki 20. Bombay nao 1918 hiyohiyo, kabla ya pauni, walipiga sarafu yao ya dhahabu ya rupia 15, saizi na uzito kama pauni. Ila ya Tabora dhahabu yake ni ya 750, yaani karati 18, gramu 7.17 kasoro kidogo.

Nyota_ya_Tabora #22
Karati 18 lakini imepigwa mabomu yakilia. Mpe Pistrucci karakana ya reli tuone.

Kahawa_Chungu #23
Mimi swali langu ni lingine. Huyu George ameshika kisu cha kumenyea machungwa, joka lote lile, halafu uchi, halafu miguu inaning'inia hana pa kukanyagia kwenye tandiko. Huyu si anaanguka?

Ughaibuni_Baridi #24
Hahaha, Waingereza wenyewe wamelilalamikia hilo tangu zamani. Ya kwanza ya 1817 alikuwa hana hata upanga, kashika kipande cha mkuki uliovunjika na kipande kingine kiko chini. Upanga ulikuja 1821. Kuhusu uchi, enzi hizo London imeshikwa na homa ya Ugiriki, yale mawe ya nakshi ya hekalu la Parthenon la Athene serikali iliyanunua 1816, na wapanda farasi wa pale wengine hawana nguo, wala hakuna mwenye pa kukanyagia. Anayemlipa anataka Kigiriki, Pistrucci akatoa Kigiriki.

Fundi_Mizani #25
Mimi kama fundi nasema tofauti. Huyu alikuwa mchonga vito. Kito ni kidogo, ukimvika mtu mavazi ya chuma kwenye nafasi hiyo anageuka kobe. Misuli inashika mwanga, nguo haishiki. Na upanga mrefu ungemgonga kwenye ukingo wa duara. Ni mambo ya nafasi hayo, Ugiriki ni maneno ya wasomi.

Maskati_Mie #26
Mie bibi yangu akisema yule si mtakatifu wa mtu, ni Nabii Khidhri. Ndiyo maana hakuona tabu kumvaa. Mwengine atakwambia ni Antar, shujaa wa Waarabu. Kila mtu na farasi wake.

Mwana_Bandari #27
Weita wa Leicester Square agombaniwa na Wagiriki na Waarabu 😂

Bi_Mkubwa_Mbezi #28
Na mimi nichangie hapo kwenye Pistrucci, maana nilisoma habari zake baada ya mume kuninunulia kipini cha pauni. Mnamsifu lakini hamjasema alivyonyanyaswa kazini. Thomas Wyon mchongaji mkuu wa kiwanda cha sarafu alikufa 1817, nafasi ikawa wazi, na aliyekuwa anafanya kazi zote ni Pistrucci. Lakini mgeni, Mtaliano, sheria hairuhusu apewe. Wakaiacha nafasi wazi MIAKA kumi na moja! Anafanya kazi ya bosi, siyo bosi. 1828 wakampa William Wyon uchongaji mkuu, yeye wakambunia cheo cha mkuu wa medali.

Kahawa_Chungu #29
Kaimu. Mama sema tu alikuwa KAIMU. Mimi ofisini nimekaimu miaka minne, mtu kaja jana na shati la kuazima kapewa kiti.

Ughaibuni_Baridi #30
Bi Mkubwa uko sahihi, ila naye mdomo ulimponza. Mfalme George wa 4 hakupenda sura aliyochongwa na Pistrucci, akaambiwa anakili sanamu iliyochongwa na Chantrey, akakataa, eti hawezi kunakili kazi ya mtu mwingine. Wyon akainakili, ndiyo ikawa njia yake ya juu.

Na kisasi chake kikubwa ni medali ya Waterloo, vita alivyoshindwa Napoleon. Walimpa kazi 1819, wakakubaliana malipo, medali kubwa ya upana wa sentimita 13 na zaidi wapewe wafalme wanne walioungana dhidi ya Napoleon pamoja na majemadari wao. Akachonga. Akachonga. Akakabidhi 1849. Miaka thelathini! Wafalme wote wanne wameshakufa, jemadari Blücher wa Prussia ameshakufa siku nyingi, amebaki Wellington wa Uingereza. Halafu chuma chenyewe cha kupigia chapa kikubwa kiasi kwamba Royal Mint waliogopa kukichoma kiwe kigumu kisije kupasuka, medali haikupigwa kamwe, zikatolewa nakala laini tu.

Mzee_Gunia #31
Huyo ni fundi nguo wangu wa Idi kabisa.

Bi_Mkubwa_Mbezi #32
😂😂 Mzee! Lakini mimi nasema alichelewesha makusudi. Alijua akimaliza tu wanamfukuza.

Fundi_Mizani #33
Au alikuwa mgonjwa wa ukamilifu, nimefanya kazi na watu wa hivyo, pete moja miezi mitatu na mteja ameshaachika.

Shabiki_wa_Wyon #34
Nimechelewa kufika ila mnamwonea Wyon humu. Mnamwita mnakili wakati ndiye aliyetoa sarafu nzuri kuliko zote za dhahabu za Kiingereza, ile ya pauni 5 ya 1839, malkia Victoria kijana kabisa anatembea na simba pembeni yake, mchoro unaoitwa "Una na Simba". Zilitoka kama mia nne tu. Na Royal Mint walipoanza mfululizo wao wa kuwaenzi wachongaji wakubwa 2019, walianza na nani? Wyon. 2020 je? Wyon tena, wale wadada watatu walioshikana. Pistrucci yenu alikuwa kwenye foleni.

Ughaibuni_Baridi #35
Foleni gani wakati yupo kwenye pauni nyingi mno tangu 1871. Wanamtoa 1989, 2002, 2005, 2012, 2022, wanamrudisha. Kwa kutimiza miaka mia mbili, 2017, walirudisha mchoro wake wa mwanzo wenye mkanda umezunguka na maneno ya Kifaransa na ule mkuki uliovunjika. Hiyo ninayo, niliinunua kabla hata ya kulipa kodi ya nyumba, na ndiyo ninayoitoa kwenye kisanduku usiku watoto wakilala. Ukiigeuza chini ya taa misuli ya farasi inatembea. Wasiokuwa na hela ya hiyo kulikuwa na ya kawaida ya mwaka huohuo, ina 200 ndogo imepigwa pembeni, dhahabu ni ileile.

Mwana_Bandari #36
Kaka swali la mtu maskini, hizo mpya za kuenzi zina faida ama ni picha tu? Maanake mimi nikiwa na pesa ningenunua kuukuu kama ya dada, walau yenyewe ishatembea.

Ughaibuni_Baridi #37
Sitakudanganya. Zile zinazong'aa za kisanduku na cheti unalipa juu sana ya dhahabu, na siku ya kuuza wengi wanalia. Ya kawaida ndani ina dhahabu safi gramu 7.32, zidisha na bei ya siku, ukilipa juu kidogo tu ya hapo umelala salama. Kuukuu za kawaida za George wa 5 ziko nyingi, bei yake inafuatana na dhahabu. Ila kuna miaka hatari kwa uadimu, ya 1819 zilitoka elfu tatu mia tano na kitu, ya 1817 milioni tatu na zaidi, sura mkono uleule.

Shabiki_wa_Wyon #38
Na za mwaka 1871 kuendelea kuna ugonjwa mwingine, watu wanakusanya kwa mkia wa farasi. Mkia mrefu, mkia mfupi, B.P. kubwa, B.P. ndogo, na nyingine B.P. haipo kabisa. Binti mwambie sonara wako kwamba hata zisizo na B.P. zipo na ni halali, achanganyikiwe.

Kahawa_Chungu #39
Watu wazima mnapima mikia ya farasi kwa lenzi. Na mimi ndiye naambiwa sina malengo.

Binti_Msasani #40
Nimerudi wakuu, samahani kazi. Nimefanya ya maji kwa jirani, mara tatu, watoto wote wa mtaa wamejaa dirishani. Nje ya maji 8.31, ndani ya maji mizani imesoma 0.48, mara moja 0.47 lakini uzi uligusa kikombe. Na nimeangalia B.P. kwa simu ya mdogo wangu yenye kamera nzuri, P ina tundu, ila si safi sana, bibi alikuwa anaisugua kwa majivu.

Fundi_Mizani #41
8.31 gawa kwa 0.48 ni 17.3. Toa lile lehemu ambalo ni jepesi kuliko dhahabu, umerudi 17.6 au jirani yake. Dhahabu yako ni karati 22 dada, hongera, sonara asikusogelee. P kuwa na tundu ni dalili nzuri ila kwa majivu sitaapa.

Mwana_Bandari #42
Sasa toeni hilo tone tuone I ya Bombay! Mimi nshaweka dau.

Shabiki_wa_Wyon #43
ASITOE. Ukitoa lehemu unakwangua uso, mkusanyaji akiona mkwaruzo anageuka.

Fundi_Mizani #44
Mkusanyaji gani bwana, imeshawekwa kitanzi, imesuguliwa majivu, kwa mkusanyaji imeshaharibika tangu zamani. Kulitoa ni kazi ya robo saa kwa fundi anayejua. Lakini akiwa hajui, moto ukizidi, anaondoka na kwato za farasi.

Maskati_Mie #45
Kwani mnataka mjue ili iweje? Ikiwa na I mtafurahi, ikiwa haina mtamwambia mtoto wa watu bibi yake kavaa Beirut maisha yake yote.

Nyota_ya_Tabora #46
Naunga mkono #45. Ila moyoni nataka kujua.

Binti_Msasani #47
Nimemuuliza shangazi aliye Unguja, nikamwambia kuna watu wataalamu wanataka tone litoke. Akacheka kwanza. Kumbe hakuna sonara aliyelidondosha. Siku moja kabla ya harusi ya mama kitanzi kilikatika, mafundi wote wamefunga, babu akaazima chuma cha kulehemia redio kwa jirani, akakaa barazani na taa ya chemli mkono unatetemeka, na bibi kasimama nyuma yake anamgombeza. Tone likaanguka juu ya farasi. Shangazi anasema babu aliapa pauni ilikuwa na herufi pale, ila hakusema herufi gani, na bibi akamwambia nyamaza ushaiharibu. Halafu shangazi akaniambia nikiigusa nisikanyage kwake. Kwa hiyo inabaki hivyohivyo jamani.

Mwana_Bandari #48
Babu asema ilikuwa na herufi, basi ni I. Naomba dau langu.

Shabiki_wa_Wyon #49
Au P ya Perth. Au C, ile ndiyo ngumu kupatikana.

Fundi_Mizani #50
Au babu alikuwa anajitetea mbele ya mkewe. Nimeoa, najua. Halafu kama ni lehemu ya redio hiyo ni risasi na bati, dada isikae karibu na moto hata kidogo, vinaila dhahabu.

Mzee_Gunia #51
Wanangu samahani kuwarudisha nyuma. Uzi huu umenifanya nimetoa pete ya marehemu baba, ina pauni ya farasi, nimeivalia miwani miwili. B.P. ipo. Juu ya mwaka 1927 kuna herufi mbili, S na A. Sasa hiyo ni Sultani au?

Kahawa_Chungu #52
Mzee usianze 😂

Ughaibuni_Baridi #53
Pretoria, Mzee wangu, SA ni Afrika Kusini. Walipiga kuanzia 1923 mpaka 1932. Tupandishie picha.

Mzee_Gunia #54
Baba hakuwahi kufika Afrika Kusini. Subirini nimpigie kaka yangu Lindi.